Sahani ya Wayua wa Kalimoni

Daktari Mallinson aliuliza swali fupi, kama ilivyo desturi ya Mwingereza anaposikia njaa na saa ya chai imekaribia. "Muulize kama amewahi kuchomwa penisilini kabla ya kuja hapa."

Zacharia Muigai, dresa, yaani mfunga vidonda, na mkalimani wa wodi ya wanawake, akaligeuza swali hilo kwa Kikuyu na kumpa mgonjwa wa kitanda cha saba. Mgonjwa huyo alikuwa Warigia, mke wake wa ndoa ya kanisani, mama wa binti yake Idah. Titi lake la kushoto lilikuwa limevimba na kuwa gumu, jekundu, na homa ilimtetemesha mpaka vyuma vya kitanda vikawa vinalia.

Warigia akajibu kwa kirefu. Alisema amechomwa mara kumi na moja kwa siku tisa, leo paja la kulia, kesho la kushoto. Aliyemchoma ni huyu huyu anayeuliza, na kama Baba Idah amesahau, basi afunue shuka ahesabu alama. Wanawake wa vitanda vya jirani, waliokuwa wakijifanya wamelala, walifungua macho.

"Anasema hapana," Zacharia akasema kwa Kiingereza.

Daktari akaandika hapana kwenye fomu. Akatikisa kichwa kidogo, akistaajabia namna lugha ya Kikuyu inavyozunguka kabla ya kufika, kisha akaenda kunywa chai yake. Zacharia akamfuata nyuma akiwa amebeba trei, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka lingeweza kusimama bila mtu ndani. Hakugeuka kumtazama mkewe, na alifanya vizuri, maana macho ya Warigia wakati huo hayakuwa ya kutazamwa.

Sababu ya uongo huo aliijua kila mtu aliyekaa Ruiru, isipokuwa Daktari. Kila jioni, dresa huyu aliposhuka kwenye garimoshi kutoka Thika, alikuwa na kichupa mfukoni. Ndani yake mlikuwa na matone aliyoyakusanya wodini, ya mgonjwa huyu kidogo, ya yule kidogo, wagonjwa wa mashamba ya mkonge ambao hawakuwa na namna ya kujua sindano yao ilipunguzwa. Nyumbani aliyaongezea maji yaliyochemshwa. Dawa ya mtu mmoja ilitosha watu wanane, na siku ya soko ilitosha kumi na wawili. Wateja walimlipa kwa mayai, kwa viazi, na kwa neno ambalo yeye alilipenda kuliko mayai na viazi. Walimwita Ndagitari, daktari kwa Kikuyu.

Kuna wakati mmoja walilalamika kwamba dawa imekuwa nyepesi, si nyeupe kama maziwa vile ilivyokuwa. Zacharia aliwaambia hiyo ni ya kisasa. Wakaondoka wakijisifu kwa majirani kwamba wao sasa wanachomwa ya kisasa. Tena alipenda kutumia sindano butu, kwa kuwa watu wa Ruiru hawakuamini dawa isiyouma, na mzee Ndung'u mwenye duka la mafuta ya taa aliwahi kudai achomwe tena kwa sababu ya kwanza hakuisikia sawasawa. Vitambaa vya majipu yao vilifuliwa na Warigia, katika karai lile lile la nguo za mtoto.

Kwa hiyo jipu lilipomshika Warigia mwenyewe, mumewe hakuwa bahili. Mkewe hakumpa thumuni kama watu wengine. Alimpa theluthi mbili. Ndivyo upendo wake ulivyopimwa, kwa alama zilizochorwa kwenye bomba la sindano. Na theluthi mbili iliposhindwa, akaogopa, akamleta hospitali ya wenye mashamba kwa garimoshi la asubuhi, mtoto akiachwa kwa nyanya yake akinyweshwa maziwa ya ng'ombe. Njiani alimwomba mkewe neno moja tu, kwamba asitaje sindano. Warigia hakujibu, naye Zacharia akauchukua ukimya huo kuwa ndiyo, kosa la waume wengi.

*

Sasa fomu ile ndiyo iliyokuwa na kazi, na hapa hospitali yenyewe ilikuwa na kichekesho chake.

Nyuma ya jiko palikuwa na chumba kidogo kilichoitwa maabara. Humo alifanya kazi Mbaluka, Mkamba mrefu asiyependa maneno, na nje ya dirisha lake alifungwa kondoo ambaye kazi yake ilikuwa kutoa damu. Kondoo huyo alikula vizuri kuliko wapagazi, na alikuwa na siku za kupumzika, jambo ambalo wapagazi hawakuwa nalo. Mbaluka aliyeyusha uji maalumu, akauacha upoe mpaka mkono uweze kuuvumilia, akauchanganya na damu ya kondoo na kuumimina kwenye sahani za kioo ugande. Juu yake alipaka usaha wa mgonjwa. Kisha kwa kikoleo alipanga vikaratasi sita, vidogo kama vifungo vya shati, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake, akaiweka sahani usiku kucha ndani ya sanduku lililopashwa moto na taa ya mafuta.

Asubuhi sahani ilisema. Vijidudu vilikuwa vimeota kila mahali, vitone vya rangi ya dhahabu. Dawa iliyoviweza ilikuwa na uwanja mtupu kuizunguka, na Mbaluka aliupima uwanja huo kwa rula. Dawa isiyoviweza haikuwa na uwanja. Vijidudu viliota mpaka ukingoni mwa kikaratasi, kama majani yanavyoota mpaka mlangoni mwa nyumba isiyo na mwenyewe.

Zacharia alikuwa akimwita Mbaluka mpishi wa wadudu, na wodi nzima ilicheka, maana wodi hucheka anapocheka mwenye trei.

Vikaratasi vilikuja kutoka Nairobi kwa hesabu, kwa hiyo Daktari alikuwa ameweka sheria. Sahani itafanywa kwa mgonjwa aliyekwisha kuchomwa penisilini na asipone. Ambaye hajawahi kuchomwa apewe penisilini siku saba kwanza, ndipo fikira nyingine ije. Ile hapana ya Zacharia ilikuwa imempa mke wake siku saba za dawa ambayo mwenyewe alijua imeshindwa.

Hilo hakulifikiria mapema. Alifikiria koti, na kitabu cha pasi. Mwaka ule wa hamsini na sita, katika Hali ya Hatari, Mkikuyu hakutembea kutoka Ruiru hadi Thika bila muhuri, na muhuri wa Zacharia uliletwa na kazi ya hospitali. Akimwaga unga, atapoteza muhuri. Akipoteza muhuri, atarudishwa Murang'a katika kijiji kilichozungukwa na handaki, akachimbe barabara na watu ambao hawajui kwamba yeye ni Ndagitari.

Siku ya nne Warigia aliacha kuomba maji. Sista mwenye funguo za kabati alimwambia Zacharia, bila hata kusimama, kwamba yule mama wa kitanda cha saba hatafika Jumapili. Hakujua anamwambia nani. Katika miaka mitatu ya kumtuma huku na huku, hakuna aliyewahi kumuuliza dresa kama ana mke.

*

Alimkuta Mbaluka akiosha sahani. Zacharia hakuwahi kuvuka kizingiti kile isipokuwa kwa kutania, na sasa alisimama akiwa ameficha kitu ndani ya koti kama mwizi wa maembe. Kilikuwa kijiti chenye pamba, kimelowa usaha, na fomu aliyoiandika mwenyewe: Wayua, wa Kalimoni, mgonjwa wa nje, amechomwa penisilini mara nyingi na mganga asiyejulikana.

Mbaluka akaisoma taratibu.

"Kwa nini Wayua?" akauliza.

"Si ni jina tu."

"Ni jina la kwetu. Ukitaka mtu wa kuchomwa na waganga, unaona Mkamba."

Zacharia akasema hakuwa na nia mbaya, kwamba Kalimoni kuna watu wa kila aina, kwamba saa zinakwenda. Mbaluka akanusa pamba, akaitazama tena fomu.

"Huyu ni mama wa kitanda cha saba," akasema.

"Ndiyo."

"Nasikia ni bibi yako."

"Ndiyo."

Mbaluka akafungua daftari lake. Hakulifungua kwa kiburi; lilikuwa pale tu. Alimwonyesha kwamba kwa miezi minane, sahani za watu wa Kalimoni, wa Ngoingwa na wa Thika mjini karibu zote zilionyesha penisilini ikiua vizuri. Lakini za watu wa Ruiru, katika kumi na nne, kumi na moja hazikusikia dawa. Daktari alishangaa sana. Alikuwa amechora ramani na kuichoma pini nyekundu kila penisilini iliposhindwa, na alitaka kuandika makala kuhusu jambo hilo ipelekwe Uingereza.

Zacharia aliijua ramani. Mwezi wa tatu Daktari alimuuliza, kama mtu wa Ruiru, anadhani ni nini, na Zacharia akajibu kwa heshima kwamba labda ni maji ya mto. Siku iliyofuata Mwingereza alishuka mto Ruiru na kaptula yake, akajaza chupa ishirini, na watoto wakamfuata wakidhani anatafuta samaki.

"Mimi nilijua si mto," Mbaluka akasema. "Wadudu ukiwapiga nusu nusu, wale dhaifu wanakufa, wale wagumu wanabaki wanazaana. Wewe umewafuga."

"Utaifanya au hutaifanya?"

"Nitaifanya. Usaha haujui jina lake." Akachukua sahani mpya, akaielekeza kwenye mwanga. "Lakini mimi nasoma sahani tu, Zacharia. Kusema ni kazi yako. Wewe ndiye mkalimani."

*

Kesho yake asubuhi walisimama wawili wakiitazama. Kuzunguka kikaratasi cha penisilini hapakuwa na hata unywele wa uwanja. Vijidudu vilikuwa vimekipanda mgongoni. Cha streptomaisini kilikuwa na mstari mwembamba wa huruma. Cha oromaisini kilikuwa na uwanja mpana, safi, mduara mzuri ambao Zacharia aliutazama mpaka macho yakamlowa. Dawa hiyo ilikuwepo. Ilikuwa kabatini kwa Sista, vidonge vya manjano vilivyowekewa mameneja wa mashamba na wake zao, hatua thelathini kutoka kitanda cha saba.

Zacharia alikuwa na mpango, kwa kuwa mtu mwongo hakosi mpango. Daktari akiona sahani atatia sahihi vidonge vya Wayua, Wayua hatakuja, vidonge vitabaki mikononi mwa dresa, dresa atajua pa kuvipeleka. Ilikuwa hesabu nzuri. Ilimsahau tu Daktari.

Mallinson alipoiona sahani alisimama kama mtu aliyetukanwa. Kalimoni haikunywa maji ya mto Ruiru. Pini moja nyekundu huko ingeharibu ramani yote. Akatia sahihi vidonge vya siku sita, akamwamuru Sista avifungie vikiwa na jina la Wayua na asimpe mtu mwingine yeyote, kisha akatoa gari la hospitali, akampandisha Mbaluka, akasema asirudi bila huyo mwanamke. Mbaluka alimtazama Zacharia juu ya bega la Daktari, akangoja. Zacharia akatazama viatu vyake.

Gari lilirudi saa nane na Wayua wawili.

Wa kwanza alikuwa msichana mnene mwenye afya, aliyetolewa shambani na jembe lake, na ambaye hakuwa na jipu popote alipokubali kuonyesha. Wa pili alikuwa bibi kizee. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, kwa maana si kila siku mtu hutumiwa gari. Alipoambiwa kupitia kwa Mbaluka kwamba siye anayetafutwa, alikataa kabisa kushuka. Alisema yeye ndiye Wayua, baba yake alimwita hivyo, na kama serikali imeleta gari kwa ajili ya dawa ya Wayua, basi dawa apewe. Goti linamuuma tangu mwaka wa nzige. Mganga gani alimchoma? Hakuna mganga aliyemchoma, lakini kama ni lazima awepo, atatafutwa.

Daktari alimchunguza goti. Alipoteza saa nzima. Bibi alipewa mafuta ya kuchua na chai, akarudishwa kwao kwa gari akipunga mkono, na ndiye mtu pekee aliyefaidika na sahani ile siku hiyo. Vidonge vilikuwa kabatini, vimefungiwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, na aliyekuwepo alikuwa ameanza kupayuka, akimwita Idah aje anyonye.

Zacharia alimwendea Sista. Alimwambia angeweza kumpelekea Wayua vidonge mwenyewe, kwamba anapafahamu Kalimoni. Sista alimtazama kuanzia kola hadi viatu na kumwuliza tangu lini dresa anabeba oromaisini mfukoni. Mtu aliyekuwa akibeba mfukoni kwa miaka mitatu alijibu kwamba amekosea, akainama, akaondoka. Maji yalikuwa yamezidi unga.

*

Daktari aliingia wodini jioni akiwa amechoka na amekasirika. Alipofika kitanda cha saba akasoma chati ya joto, akaisoma tena, akalifunua titi, akalifunika.

"Siku tano za penisilini," akasema. "Haiwezekani iwe hivi. Muulize tena. Kuna mtu yeyote aliyewahi kumchoma?"

Zacharia akauliza. Sauti yake haikutoka vizuri, akauliza mara ya pili.

Warigia alifumbua macho. Kwa muda alionekana kama hamjui. Kisha akamjua, na akazungumza polepole, kwa pumzi fupi fupi, akisimama kati ya neno na neno. Wanawake kumi na tisa walikuwa wamekisikia na kukielewa kila alichosema, na sasa wote walimtazama mkalimani. Mlangoni Mbaluka alisimama na sahani mkononi, imefunikwa kitambaa.

"Amesema nini?" Daktari akauliza.

Zacharia alifungua kinywa. Lile hapana lilikuwepo pale pale mdomoni, limezoea njia. Aliogopa. Aliogopa handaki la Murang'a, na kicheko, na garimoshi la mwisho, aliogopa sana. Akautazama mkono wa mkewe juu ya blanketi, kucha zake zimeanza kuwa bluu.

"Anasema amechomwa," akasema. "Mara kumi na moja."

"Na nani?"

"Na mume wake, bwana. Anasema mume wake anaiba dawa hospitalini na kuitia maji. Anachoma watu wa Ruiru, wengi. Anasema wanapona siku mbili halafu wanarudi na majipu makubwa zaidi, na yeye ndiye hufua vitambaa. Anasema mume wake ni mwongo. Anasema alijua hilo kabla ya ndoa, lakini alidhani ni uongo mdogo."

Hakuna aliyecheka. Daktari alikuwa ameacha kuandika.

"Huyo mume yuko wapi?"

"Ni mimi, bwana."

Mallinson alimtazama dresa wake kama anayeona kiti kikiongea. Akamtazama mwanamke, kisha dresa tena. Kitu cha kwanza kilichomtoka hakikuwa hasira, bali masikitiko ya mtu aliyejaza chupa ishirini.

"Na mto?"

"Mto hauna kosa, bwana."

Mbaluka akaja mbele, akaondoa kitambaa. Alieleza kwa maneno machache kwamba sahani ya Wayua ni ya mama huyu, na kwamba yeye alilijua hilo. Daktari aliutazama uwanja mpana wa oromaisini kwa muda mrefu, akamwita Sista, akaamuru jina kwenye vidonge libadilishwe na cha kwanza kitolewe sasa hivi. Hapo ndipo hasira ilipomfika, usoni kwanza halafu masikioni. Na kwa kuwa wodi haikuwa na mkalimani mwingine, akamgeukia Zacharia.

"Mwambie ana nafasi ya kupona. Mwambie dawa inaanza leo. Na mwambie, wasikie na hawa wote, kwamba mume wake amefukuzwa kazi kuanzia saa hii, na kesho nitaiandikia ofisi ya pasi."

Zacharia akavigeuza vyote kwa Kikuyu, kimoja baada ya kingine, bila kuruka. Alifika kwenye kufukuzwa kwake na kukisema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwatangazia wagonjwa saa ya uji. Mwanamke mmoja wa kitanda cha pembeni alicheka, akaziba mdomo kwa shuka. Zacharia alipomaliza alivua koti, akalikunja, akalishika mkononi kwa sababu hakujua aliweke wapi.

Sista alileta kidonge kwenye kisahani. Warigia alikitazama kile kitu cha manjano, kisha akamtazama mumewe, ambaye bila koti alionekana mdogo, na shati lake limeraruka kwapani.

"Na pasi itachukuliwa?" akamwuliza kwa Kikuyu.

"Itachukuliwa."

"Na nyumba?"

"Nyumba nayo."

Daktari alitaka kujua mgonjwa anasema nini. Zacharia hakumjibu, na ilikuwa mara ya kwanza kumnyima Mzungu jibu. Warigia alifumba macho. Wanawake walinyoosha shingo. Kisha akajiinua kwa kiwiko kimoja, mfupa wa bega ukijitokeza, akakichukua kidonge kwenye kisahani.

"Lete maji basi," akasema.

Zacharia akaweka koti sakafuni, akaenda kuyaleta.